Kiatu cha Dumu

Mgongo wangu ndio ulionifanya nitengeneze kile kiatu. Nasema hivi mapema kwa sababu wapo watu kijijini wanaodhani nilikaa chini nikatafakari malezi ya watoto wadogo. Sikutafakari kitu. Nilichoka kuinama.

Nafundisha darasa la awali katika shule ya kijiji, huku juu, upande wa Kitangari. Watoto wangu wana miaka mitano na sita, na wachache wana saba kwa sababu walichelewa, walikuwa bondeni na bibi zao wakilinda mpunga. Zamani walikuja peku au na kandambili, na mimi sikuwa na neno. Kisha mkutano wa wazazi ukapitisha kwamba kila mtoto avae viatu vyeusi. Wazazi wakaenda mnadani wakarudi na raba nyeusi za kamba, maana ndizo zilizokuwepo. Viatu vikaja shuleni, kazi ya kuvifunga ikawa yangu. Kila asubuhi watoto walijipanga mlangoni wakaninyooshea miguu, na nikimaliza wa mwisho, wa kwanza ameshafunguka.

Mmoja wa watoto hao alikuwa mjukuu wangu. Ni mtoto wa binti yangu, na wote wawili wanaishi nyumbani kwangu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba shuleni mimi ni mwalimu, nyumbani ni bibi, na sharti hilo alilishika vizuri mno. Asubuhi tulitoka pamoja tumeshikana mikono, ananisimulia ndoto zake, mpaka kwenye mkorosho wa kona ya shule. Hapo aliuachia mkono wangu, akasimama wima na kuniamkia upya: "Shikamoo mwalimu." Niliitikia marahaba kwa sauti ya kazini. Yeye peke yake hakuwahi kupanga foleni ya kamba, kwa sababu mama yake alikuwa amemfunga tangu nyumbani, na binti yangu akifunga kitu kimefungika.

Sasa nieleze kwa nini kamba za viatu zilikuwa jambo kubwa kwa mtoto huyo, maana kwa watoto wengine zilikuwa usumbufu tu.

Kwetu mtoto wa kiume huingia jandoni likizo ya mwezi wa sita, mavuno yakiwa ndani na baridi imeshatua. Siku hizi kukata kunafanywa na mtu wa zahanati, lakini mafunzo, ngoma na kukaa likumbini, yaani kile kibanda wanamotengwa watoto, havijabadilika. Siku ya kutoka ndiyo sikukuu yenyewe. Mtoto anavishwa nguo mpya juu mpaka chini, anawekewa miwani ya jua, anapewa mwavuli hata kama hakuna mvua wala jua, kisha anabebwa mabegani hadi ukingoni mwa uwanja. Pale anashushwa. Kutoka pale hadi kwenye mkeka wa wazee anatembea mwenyewe, kijiji kizima kinamwangalia. Na tangu siku hiyo mama yake hamwogeshi tena wala hamvishi. Ndiyo maana ya kutoka.

Mwaka mmoja kabla ya mjukuu wangu kuingia, alitoka mtoto wa jirani yetu. Alishushwa na viatu vya kamba vinavyong'aa, ukiinama unajiona. Alipofika katikati ya uwanja kamba ikafunguka, akaikanyaga, akaenda chini yeye na mwavuli wake. Mama yake hakufikiri. Alikimbia, akapiga magoti kwenye vumbi, akamfunga mtoto kiatu mbele ya watu wote. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Bibi mmoja mwenye sauti kali, ambaye hata misibani hujizuia kwa shida, akatunga wimbo palepale, kwamba mwali wa jando ametoka lakini titi la mama limemfuata uwanjani. Wimbo ule uliimbwa kisimani, uliimbwa kwenye foleni ya kuuza korosho, na yule mtoto kwa muda mrefu hakuja tena kucheza kwetu.

Mjukuu wangu aliyaona yote hayo akiwa amekaa mapajani mwangu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza, "Bibi, mimi natoka lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda."

"Na viatu vya kamba?"

"Viatu ni kazi ya mjomba wako. Muulize yeye."

Tukatembea kidogo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mimi sijui kufunga."

 

Mjomba wake ni mwanangu wa kiume, anafanya kazi Masasi mjini. Kwetu mjomba ndiye mwenye mpwa, na mambo ya jando ni yake kabla hayajawa ya baba. Alipopigiwa simu alisema mpwa wake atatoka na viatu vya kamba vya ngozi ambavyo hata mkuu wa wilaya hana. Mwanangu kwenye simu ni mtu mkarimu sana.

Basi niliporudi shuleni muhula mpya ulipoanza, na foleni ya miguu ikaanza tena, mgongo wangu ukaniambia imetosha. Nyumbani kulikuwa na dumu la njano la mafuta lililopasuka. Huku kwetu maji yanatafutwa kwa taabu, dumu halitupwi mpaka limepasuka na kuzibwa na kupasuka tena, na hili lilikuwa limefika hapo. Nikalilaza, nikaweka mguu wangu juu ya ubavu wake, nikauchora kwa mkaa, nikakata kwa kisu cha moto. Kisha nikapasha msumari jikoni nikatoboa matundu mistari miwili, upande huu na upande huu. Binti yangu alilalamika kwamba nyumba inanuka kama gereji. Nikamwambia avumilie, elimu inanuka hivyo. Kwa kamba nikatumia uzi wa katani, ule wa kushonea magunia ya korosho, kwa sababu ulikuwepo na ulikuwa imara.

Kesho yake nikakipeleka darasani nikiwa na fahari nisiyoweza kuificha. Watoto wakakizunguka pale mkekani. Msichana mmoja mwenye macho makubwa akakigeuza, akatazama chini ya meza yangu, akaniuliza, "Mwalimu, kingine kiko wapi?"

"Ni kimoja tu."

"Mwenyewe ana mguu mmoja?"

Nikamwambia akae chini. Baada ya siku chache walipokigombania kiatu hicho hadi kikakaribia kukatika, nikatengeneza vingine, na madumu ya majirani yakaanza kupasuka upesi kuliko kawaida, maana watoto walijua mwalimu anayapokea.

Somo la kwanza lilikwenda vizuri kupita kiasi. Nikawaonyesha: vusha, pitisha chini, kaza. Wakavusha, wakapitisha, wakakaza. Kabla sijafika kwenye hatua ya kitanzi wao walikuwa wamemaliza, mikono imetulia mapajani. Nikapita nikikagua. Viatu vyote vya dumu vimefungwa, na fundo hata moja halikulegea nilipolivuta. Nikasema moyoni kwamba kumbe mimi ni mwalimu hodari, kwa nini niliteseka miaka yote hiyo. Nikawaruhusu wafunge viatu vyao wenyewe vilivyo miguuni, nikaenda ofisini kunywa chai.

Alasiri nikiwa nyumbani nachambua mbaazi nikasikia hodi. Ni ustadhi wa madrasa. Mimi ni Mkristo, yeye ni kama mnavyomsikia, lakini nilimfundisha kusoma alipokuwa mdogo na mpaka leo tunaazimana jembe.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba ustadhi. Karibu, kwema?"

"Kwema. Nimekuja kuuliza jambo dogo tu. Hawa watoto umewafunga viatu au umewashona?"

Nikamfuata hadi madrasa. Nusu ya darasa langu ilikuwa imekaa kwenye ngazi ya mlango, miguu imenyooshwa mbele, viatu viko palepale. Ndani hawawezi kuingia na viatu, na viatu havitoki. Mmoja alikuwa anatafuna kamba yake kwa meno ya pembeni. Mwingine alikwishakata tamaa na kuanza kusoma sura yake akiwa hukohuko nje. Nikapiga magoti na mgongo wangu uleule niliodhani nimeuokoa, nikatazama yale mafundo kwa karibu, na nikayafahamu.

Lilikuwa fundo la gunia. Watoto hawa tangu wajue kukaa hukaa na wazazi wao msimu wa korosho wakishikilia midomo ya magunia inaposhonwa. Wanafunga mbuzi. Wanafunga mizigo ya kuni, na wanafunga madumu ya maji nyuma ya baiskeli, na dumu likidondoka mlimani siku nzima imeharibika. Mikono yao ilikwishajua kufunga kabla sijaifundisha, na ilijua kwamba sifa ya fundo ni kutofunguka. Halafu mimi, kwa akili zangu, nikawapa uzi uleule wa magunia.

"Mwalimu," aliniambia yule msichana wa macho makubwa, mguu wake ukiwa mkononi mwangu, "si ulisema kaza?"

Ustadhi alileta wembe. Tulikata kamba zile moja baada ya nyingine, naye hakucheka hata kidogo, jambo ambalo lilinikera zaidi kuliko kama angecheka. Kesho yake nikasikia kwamba baadhi ya watoto wa Kikristo, ambao hawakupita kwenye mlango wa madrasa, walilala na viatu.

Nikaanza upya. Uzi wa katani nikauondoa kabisa. Nikachukua kanga zangu mbili kuukuu, moja nyekundu na moja ya buluu, nikazichana tepe ndefu, kila kiatu cha dumu kikapata utepe mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili, ili mtoto ajue mkono upi unafanya nini. Rangi zilisaidia. Kitanzi hakikusaidika. Kila nikisema tengeneza kitanzi, wakanitazama, kisha wakarudia fundo la gunia, safari hii la rangi mbili. Walikuwa hawaelewi kwa nini mtu afunge kitu ambacho kikivutwa kidogo kinaachia. Na ukilifikiria kwa akili ya huku kwetu, wao ndio waliokuwa na haki.

Aliyenitoa hapo ni mjukuu wangu, naye hakujua. Jumamosi moja nilimkuta nyuma ya nyumba na wenzake, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, wanatega panya wa shamba. Alikuwa amechuchumaa na kamba nyembamba, anakunja kitanzi cha mtego. Alikikunja taratibu, akakizungushia kamba, akaingiza, akavuta, kikasimama. Kisha akavuta ule mwisho mwingine, kikaachia, akakikunja tena. Nikasimama pale na beseni la nguo kichwani nikiangalia vidole vyake, mpaka wenzake wakaanza kuogopa kwamba wamekosa.

Jumatatu sikusema neno kitanzi peke yake. Nikasema, "Leo tunatega panya juu ya kiatu." Darasa zima likasogea. Vusha, pitisha, kaza. Hapo ni fundo la gunia, nusu yake, wanalolipenda. Kisha: tega, zungusha, ingiza, vuta. Waliimba maneno hayo wakiwa wameinama juu ya madumu yao, na kabla ya kengele ya uji wawili walikuwa wamepata. Wiki ile wakapata wengine, wakawafundisha ndugu zao, na foleni ya mlangoni ikafupika kila asubuhi, mpaka siku moja nikafika mlangoni nikakuta hakuna mguu hata mmoja ulionyooshwa. Nilifurahi, kwa nini nifiche. Nilisimama pale nimenyooka nikitazama mikorosho.

Lakini mjukuu wangu hakuweza.

Mtego wa panya aliutega bila kuangalia. Akiwekewa kiatu, hata cha dumu, kitanzi kilianguka, akaanza upya, kikaanguka. Nilijua anauona uwanja. Na nilijua pia sababu ya pili, ambayo ilikuwa inaishi nyumbani kwangu. Kila asubuhi binti yangu alimkalisha juu ya kigoda, akauweka mguu wake mapajani, akamfunga huku akimsemesha mambo yao, na mtoto hakuwa na haja ya kujua lolote.

Nilimkabili asubuhi moja, mtoto yuko nje anapiga mswaki. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haina sauti ndogo. Nilimwambia anamlea mtoto kumtia aibu, kwamba mwezi wa sita hauko mbali, kwamba akimwona mwanawe anaanguka pale uwanjani asije kulia kwangu.

 Alikuwa ameshika kiatu kimoja, anakipangusa vumbi kwa kanga aliyoivaa.

"Mama," alisema, "mwezi wa sita ukipita sitamgusa tena. Niache nimfunge."

Nilikaa kwenye kile kigoda mwenyewe. Hasira yote ilinitoka, na hilo si jambo linalotokea mara kwa mara, waulizeni. Mimi nami nilitoa mtoto jandoni. Jioni ya siku aliyotoka huyu mwanangu wa Masasi, nilichemsha maji kama nilivyozoea, nikayatia kwenye beseni, nikapima joto kwa mkono, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kumwogesha. Nilikaa na beseni lile mpaka maji yakapoa. Sikumwambia mtu yeyote, na binti yangu alikuwa mdogo, hawezi kukumbuka. Nilimhurumia, na nilijihurumia.

Hata hivyo mimi ni mwalimu. Nikamwambia, "Basi tugawane. Mguu mmoja ni wako, mfunge unavyotaka. Wa pili ni wake, usiuguse hata ukiona kamba inafagia barabara."

Alikubali. Tangu siku hiyo mjukuu wangu alikuja shuleni na mguu wa kulia uliofungwa na mama yake, safi, kitanzi huku na kitanzi huku, na mguu wa kushoto uliofungwa na yeye, ambao ulikuwa kichekesho. Njiani alisimama mara kwa mara kuchuchumaa, na mimi nilisimama kumsubiri huku nikitazama mbali, maana nikimtazama vidole vinagoma. Wenzake walijua. Waliuita mguu wa mama na mguu wa mwenyewe, wakawa wanapita kuukagua wa mwenyewe kila asubuhi na kutoa maoni. Polepole ule wa kushoto ukaanza kushika hadi kwenye mkorosho wa kona, kisha hadi mapumziko. Ilipokaribia likizo nilimwinamia siku moja nikataka kujua upi ni upi, nikashindwa. Nilimuuliza.

"Huu ni wa mama," alisema. "Wangu unakaza zaidi."

Likizo ikafika, wakaingia jandoni. Sisi wanawake tulibaki na kupika, kupeleka chakula mahali tulipoambiwa tukiache, na kusikiliza ngoma kwa mbali. Binti yangu alifua nguo za mtoto ambazo hazikuwa chafu. Mimi nilikwenda shuleni kufagia darasa, nikapanga viatu vya dumu kwenye sanduku, nikagundua kimoja hakina tepe zake, nyekundu wala buluu. Nikalaumu panya.

Mwanangu alifika kutoka Masasi jioni ya kuamkia siku ya kutoka, na mfuko mkubwa. Suruali nzuri, shati zuri, koti dogo, miwani, mwavuli wenye maua. Kisha akatoa viatu. Vilikuwa vyeupe, na kisiginoni vina taa nyekundu inayowaka ukikanyaga. Kamba hakuna. Vilikuwa vile vya kunata, vyenye ulimi unaoubandika na kuubandua.

"Na kamba ziko wapi?" nilimuuliza.

"Mama, nani anafunga kamba siku hizi? Hivi ndivyo vya kisasa."

Nikatia mkono wangu ndani ya kiatu kimoja. Ukaingia wote na nafasi ikabaki. Alikuwa amenunua kama wote wanavyonunua huku kwetu, vikubwa, ili mtoto avivae mpaka darasa la tatu. Nilimuuliza mguu wa mpwa wake aliupima kwa kitu gani, kwa chepe. Mengine niliyomwambia hayafai kuandikwa. Lakini usiku ulikuwa umeingia, maduka yako mbali, na nguo zilitakiwa zipelekwe likumbini na wanaume kabla ya alfajiri. Binti yangu aliubana ulimi wa kunata kwa nguvu, akaubandua, akaubana tena. Mguu wa mwanawe aliujua kwa kiganja, na alijua kwamba havitakaa.

Uwanjani tulisimama mbele, mimi na yeye, bega kwa bega. Ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka na watu walikuwa wengi. Watoto waliletwa mabegani, unga umepakwa vichwani, miwani imewafunika nusu ya uso. Wa kwetu akashushwa. Taa za viatu zikawaka, watu wakashangilia zile taa, na mwanangu akajifanya hanitazami. Mtoto akapiga hatua, akapiga nyingine, na mguu ukaenda mbele bila kiatu. Kiatu kilibaki nyuma yake pale mchangani, taa inawaka peke yake.

Kicheko kilianza upande wa kushoto. Nikamsikia yule bibi wa sauti kali anavuta pumzi ya kuanzia wimbo. Binti yangu alikwishanyanyua mguu, nami nikaikamata kanga yake kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Ukienda umemmaliza," nilimwambia.

"Mama, niachie."

"Mwangalie."

Mtoto aligeuka akakiangalia kiatu chake. Kisha akauweka mwavuli chini. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya mwavuli. Akarudi nyuma, akauingiza mguu kwenye kiatu, akachuchumaa, akatia mkono mfukoni mwa ile suruali mpya. Akatoa utepe mwekundu wa kanga yangu. Akaupitisha chini ya soli, akaupandisha juu ya kiatu, na midomo yake ikaanza kutembea. Kutoka pale nilipokuwa nisingeweza kusikia, lakini nilijua maneno. Tega, zungusha, ingiza, vuta. Alipomaliza akatoa utepe wa buluu, akafunga na mguu wa pili, ambao ulikuwa bado haujamsaliti. Hakuharakisha. Hata wapiga ngoma waliacha mikono hewani.

Akavaa miwani yake, akaokota mwavuli, akatembea hadi kwenye mkeka wa wazee na vile vitanzi viwili juu ya viatu, taa zinawaka kila hatua. Aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa jirani yetu, mama wa yule mtoto wa mwaka uliopita. Yule bibi akaitumia ile pumzi yake kwa kigelegele cha pili. Niliiachia kanga ya binti yangu, nikakuta nimeichana.

Jioni, wageni wakiwa wamekula na wengi wameondoka, mjukuu wangu alikaa kwenye mkeka barazani akataka kuvua viatu. Akavuta mwisho wa utepe. Haukuachia. Akavuta mwingine. Nikainama nikatazama. Juu ya kile kitanzi kizuri, kwa kutoamini kabisa mambo yanayofunguka, alikuwa ameongeza fundo la gunia. Mjomba wake akatoa kisu kidogo mfukoni, mtoto akauvuta mguu na kusema zile ni tepe za mwalimu, hazikatwi.

Mama yake alikuwa upande wa pili wa baraza, amekaa chini, mikono ameikalia. Tangu asubuhi hakuwa amemkaribia. Mtoto alimtazama, akasimama, akavuka baraza, akakaa mbele yake na kumwekea mguu mapajani.

"Mama, nifungulie."

 Mwanangu alikohoa kile kikohozi cha wajomba, cha kukumbusha miiko. Binti yangu alinitazama mimi.

"Kumfunga ndiko kulikokatazwa," nilisema. "Kumfungua sijasikia."

Akainama, akaliuma lile fundo kwa meno ya mbele, akaanza kulilegeza. Nayajua meno ya binti yangu, yanafungua gunia la korosho kwa kuvuta mara moja. Hili alikaa nalo muda mrefu, mkono mmoja ameushika mguu wa mwanawe kwa chini, na mtoto akaanza kumsimulia mambo ya siku hiyo. Utepe mwekundu ulipotoka, akauviringa vizuri, akaniwekea kando. Mtoto akashusha mguu huo, akapandisha mwingine.